Daraja Tupu la Mtandao: Namna ya Kulisimika Katika Seva ya Linux

Ikiwa umekabidhiwa seva yenye mfumo wa Linux, nawe umeazimia kuweka ndani yake mashine pepe mbili tatu zitakazosemezana zenyewe kwa zenyewe pasipo kutoka nje, basi huna budi kuunda kile ambacho mafundi hukiita daraja tupu. Kuliunda ni kazi ya amri mbili tu, lakini kulifanya lidumu kila seva inapozimwa na kuwashwa ni kazi nyingine kabisa, kwa kuwa baadhi ya programu zinazosimamia mtandao huliona daraja lisilo na waya kuwa ni daraja bovu, zikaliacha bila anwani au zikalingojea hadi subira ikaisha. Mwongozo huu ni wa mtu anayejua kuandika amri na kuhariri faili. Hauhitaji ujuzi uliozidi hapo, ila uangalifu.

Daraja ni nini, na kwa nini liwe tupu

Daraja la mtandao ndani ya Linux si kitu ila swichi iliyofanywa kwa programu. Swichi ya chuma iliyo kabatini ofisini kwako ina matundu, na kila tundu huchomekwa waya. Daraja nalo lina matundu yake, ila hayaonekani kwa macho wala hayakuhesabiwa tangu kiwandani, kwani kila unaposhikiza kadi ya mtandao, iwe ya kweli au ya mashine pepe, tundu jipya huzaliwa. Kisha daraja hujifunza ni kifaa gani kiko nyuma ya tundu lipi, likapeleka kila paketi mahali pake.

Wengi wamezoea daraja lililoshikizwa kadi ya kweli ya seva, tuseme `eno1`, ili mashine pepe zionekane katika mtandao wa ofisi kama kompyuta nyingine yoyote. Daraja tupu ni kinyume cha hayo: kadi ya kweli haishikizwi asilani. Hulitumia mwenye hifadhidata ambayo hataki ionekane hata na jirani wa meza ya pili, au anayetaka uwanja wa majaribio usioweza kuudhuru mtandao wa kazi, au anayetaka mashine zake zitoke nje kwa idhini ya seva peke yake, seva ikiwa bawabu mlangoni. Tena yawezekana unalo tayari pasipo kujua, kwani ukisimika Docker utalikuta `docker0` lenye anwani za 172.17.0.0/16, na mtandao wa kawaida wa libvirt huja na `virbr0` lenye 192.168.122.0/24, yote mawili huwa matupu mpaka chombo au mashine pepe ya kwanza iamke.

Sasa tatizo lenyewe. Kiini cha Linux hutazama kila kadi kama ina ishara, yaani kama upande wa pili wa waya kuna kitu kilicho hai. Daraja lisilo na tundu hata moja halina upande wa pili, basi aghalabu kiini huandika `NO-CARRIER`, na mtu asiyejua huona maneno hayo akashika kichwa. Lakini baraza la mawe mbele ya nyumba hujengwa kabla wageni hawajaja, na asubuhi lisipokuwa na mtu juu yake hakuna apitaye akasema limebomoka. Kazi yako yote katika mwongozo huu ni kuifahamisha seva kwamba utupu huu umekusudiwa.

Kabla ya kugusa kitu

1. Chagua jina fupi. Linux haikubali jina la kadi au daraja lizidilo herufi 15, na `br0` latosha.
2. Chagua anwani zisizogongana na zilizopo. Anwani za faragha ni zile za 10.0.0.0/8, 172.16.0.0/12 na 192.168.0.0/16, kwa mujibu wa waraka wa RFC 1918 wa mwaka 1996. Andika `ip route` usome kila mstari kabla ya kuchagua. Humu tutatumia 10.10.10.0/24, na seva yenyewe itakuwa 10.10.10.1.
3. Jua nani anayesimamia mtandao wa seva yako:

```
systemctl is-active systemd-networkd NetworkManager networking
```

Atakayejibu `active` ndiye msimamizi. Wakijibu wawili, usiendelee mpaka ujue yupi ana mamlaka juu ya kipi, maana daraja lenye mabwana wawili huvunjwa na mmoja kila mwenziwe anapolijenga.

4. Hakikisha una njia ya kuifikia seva isiyopitia mtandao: kibodi na kioo, au konsoli ya mwenye kukukodisha seva.

> HADHARI. Usishikize kadi unayoitumia kuingilia seva kwa SSH kwenye daraja hili, hata kwa kujaribu. Kadi ikishashikizwa huwa tundu tu la swichi, mawasiliano yako hukatika papo hapo, na daraja haliwi tupu tena.

Jaribio la muda

Anza kwa daraja litakalopotea seva ikizimwa, ili ujue sura yake kabla ya kuandika lolote la kudumu. Amri zote ni za mtumiaji mkuu. Kama wewe si yeye, tanguliza `sudo`.

1. Unda daraja: `ip link add name br0 type bridge`
2. Liinue: `ip link set dev br0 up`
3. Lipe anwani: `ip addr add 10.10.10.1/24 dev br0`
4. Litazame: `ip addr show dev br0`

Aghalabu utaona mstari wa namna hii:

```
5: br0: <NO-CARRIER,BROADCAST,MULTICAST,UP> mtu 1500 qdisc noqueue state DOWN
```

Soma taratibu, kwa maana hapa ndipo wengi hupotea. Neno `UP` lililo ndani ya mabano ni amri yako wewe: umesema daraja liinuke, nalo limeinuka. Maneno `state DOWN` ni habari ya ishara: hakuna kilichoshikizwa. Mambo hayo mawili hayapingani. Katika seva nyingine utakuta `state UNKNOWN` pasipo `NO-CARRIER`, nayo pia si hitilafu. Ukiandika `ip route` utaiona njia ya 10.10.10.0/24 ikiwa na neno `linkdown` mwishoni, na hata hivyo `ping 10.10.10.1` ukiwa ndani ya seva itajibiwa, kwa kuwa anwani ni mali ya seva, haihitaji waya kujijibu.

Amri `bridge link` haitatoa kitu chochote, kwani kazi yake ni kuorodhesha matundu, nayo hayapo. Ukiridhika, lifute daraja kwa `ip link delete br0`.

Miongozo ya zamani itakuambia utumie `brctl`. Bado inafanya kazi ikiwa imesimikwa, lakini watunzaji wa Linux wamekwisha kuiacha wakahamia `ip` na `bridge`, nami nakushauri uifuate njia yao.

Kulifanya lidumu kwa systemd-networkd

Hii ndiyo njia nitakayoieleza kwa kirefu, kwa sababu ndiyo inayoonyesha dhahiri kinachotakiwa, na Netplan ya Ubuntu katika seva huandika faili hizi hizi kwa niaba yako. Faili ni mbili. Ya kwanza huliunda daraja, nayo ni `/etc/systemd/network/10-br0.netdev`:

```
[NetDev]
Name=br0
Kind=bridge
MACAddress=02:00:00:10:10:01

[Bridge]
STP=no
ForwardDelaySec=0
```

Ya pili hulipa anwani, nayo ni `/etc/systemd/network/10-br0.network`:

```
[Match]
Name=br0

[Link]
RequiredForOnline=no

[Network]
Address=10.10.10.1/24
ConfigureWithoutCarrier=yes
```

Kila mstari una sababu yake. `ConfigureWithoutCarrier=yes` ndio roho ya jambo, kwa maana pasipo huo networkd hungoja ishara kwanza ndipo iweke anwani, na ishara haitakuja mpaka mashine pepe iamke, na huenda mashine hiyo nayo inaingoja anwani ya seva; wakawa kama watu wawili mlangoni, kila mmoja akimwambia mwenziwe tangulia.

`RequiredForOnline=no` huizuia seva isilihesabu daraja hili miongoni mwa vitu ambavyo lazima viwe tayari ndipo mtandao uhesabiwe kuwa umesimama. Niliwahi kuitwa katika ofisi moja ndogo mjini Tanga, ambako umeme ulikuwa umekatika usiku ukarudi, na seva ilipowashwa ikakaa imenyamaza kwa dakika mbili nzima, kwa kuwa huduma ya kungojea mtandao husubiri sekunde 120 kabla ya kukata tamaa. Waliokuwa pale walidhani imekufa, wakaizima kwa swichi ya ukutani, wakaiwasha, ikanyamaza tena, wakaizima tena. Nilipofika, diski ilikuwa na madhara na daraja halikuwa na kosa. Mstari mmoja huo ungewaepusha na yote.

`STP=no` huzima itifaki ya kuzuia mizunguko, iliyobuniwa na Radia Perlman mwaka 1985, ambayo ni neema kubwa pale swichi nyingi zinapounganishwa kwa nyaya zaidi ya moja, lakini daraja lisilotoka nje ya seva halina wa kuzunguka naye. Ukiiacha ikiwa imewashwa, na muda wake wa kawaida wa sekunde 15 za kusikiliza na 15 za kujifunza, basi mashine pepe itakayoamka itaomba anwani, isisikiwe kwa nusu dakika, ikakata tamaa.

Kuhusu `MACAddress`: daraja lisilopewa anwani yake ya maunzi huwa na tabia ya kuazima ile iliyo ndogo kuliko zote miongoni mwa matundu yake, kwa hiyo kila mashine pepe inapoingia na kutoka, sura ya daraja yaweza kubadilika, na mashine zilizokwisha kulifahamu kwa sura ya kwanza zikapotezana nalo kwa muda. Ukiliandikia anwani yake mwenyewe halibadiliki. Ianzishe kwa 02, alama ya anwani zinazotolewa na mwenye mtandao badala ya kiwanda.

Baada ya kuziandika:

1. Amuru `networkctl reload`.
2. Tazama kwa `networkctl`. Penye `br0` patakiwa pasomeke `no-carrier` na `configured` sambamba. Hayo ndiyo matokeo mema.
3. Kama pameandikwa `unmanaged` au anwani haipo, chunguza kama kuna faili nyingine katika folda ile ile yenye jina linalotangulia kialfabeti na yenye `Name=*`. Faili ya kwanza inayolingana ndiyo ishikayo, na zinazofuata hazisomwi.

Ukibadili faili ya `.netdev` baada ya daraja kuwapo, aghalabu mabadiliko hayafuatwi mpaka ulifute daraja lenyewe na kulifanya liundwe upya.

Kwa seva za Debian zenye faili ya interfaces

Simika kwanza kifurushi cha `bridge-utils`, kisha ongeza haya katika `/etc/network/interfaces`:

```
auto br0
iface br0 inet static
    address 10.10.10.1/24
    bridge_ports none
    bridge_stp off
    bridge_fd 0
    bridge_hw 02:00:00:10:10:01
```

Neno `none` ndilo tamko la utupu. Usiufute mstari wa `bridge_ports` kwa kudhani kwamba pasipo tundu hauna kazi, kwa kuwa huo ndio unaoijulisha programu kwamba `br0` ni daraja. Ukiuondoa, itatafuta kadi yenye jina hilo, isiione, ilalamike. Kisha amuru `ifup br0`. Watumiao Proxmox wataikuta faili hii hii, ila daraja lao huitwa `vmbr1` na mfano wake, mstari ni `bridge-ports none`, na amri ni `ifreload -a`.

Kwa Ubuntu yenye Netplan

Andika `/etc/netplan/60-br0.yaml`, kwa nafasi za kawaida, usitumie kitufe cha Tab hata mara moja:

```
network:
  version: 2
  bridges:
    br0:
      interfaces: []
      addresses: [10.10.10.1/24]
      macaddress: "02:00:00:10:10:01"
      optional: true
      parameters:
        stp: false
        forward-delay: 0
```

`optional: true` hapa ni ndugu wa `RequiredForOnline=no`, na `stp: false` ni lazima iandikwe, kwa sababu Netplan huiwasha STP yenyewe usipoikataza. Ifungie faili kwa `chmod 600`, kisha `netplan apply`.

> HADHARI. Wengi huitegemea `netplan try`, inayorudisha hali ya zamani baada ya sekunde 120 usipothibitisha. Kwa daraja lenye sehemu ya `parameters` haiwezi kurudisha, nayo itakuambia hivyo. Tegemea konsoli.

Kwa NetworkManager

```
nmcli connection add type bridge ifname br0 con-name br0 \
  bridge.stp no bridge.mac-address 02:00:00:10:10:01 \
  ipv4.method manual ipv4.addresses 10.10.10.1/24 ipv6.method disabled
nmcli connection up br0
```

La kukumbuka ni kwamba `ipv4.method` lazima iwe `manual`. Ukiiacha `auto`, daraja litaomba anwani kwa DHCP, na ndani ya daraja tupu hakuna wa kulijibu.

IPv6 na kadi ya bandia

Yote yaliyotangulia yanatosha kwa IPv4. Kwa IPv6 kuna tashwishi moja: kabla ya kuitumia anwani, seva huuliza mtandaoni kama kuna mwingine mwenye anwani hiyo hiyo, na pasipo ishara swali hilo haliulizwi, basi anwani hubaki na neno `tentative`, na huduma yoyote inayotaka kusikiliza juu yake hukataliwa. Dawa ni kulipa daraja tundu moja la bandia lisilokwenda popote:

```
ip link add bandia0 type dummy
ip link set bandia0 master br0
ip link set bandia0 up
```

Hapo daraja hupata ishara, na `NO-CARRIER` huondoka. Katika networkd, andika `.netdev` yenye `Name=bandia0` na `Kind=dummy`, pamoja na `.network` yake yenye `Bridge=br0`. Wako wanaoiweka kadi hii kila mahali hata pasipo IPv6, ili tu wasiyaone maneno yanayowatia hofu. Mimi siwafuati: kitu cha ziada ni kitu cha kusahauliwa, na atakayekuja baada yako atakaa saa nzima akijiuliza `bandia0` ni ya nini.

Ukitaka mashine zitoke nje

Daraja tupu halitoki nje lenyewe, na kwa wengi hiyo ndiyo sababu ya kulipenda. Lakini ikiwa mashine zako zahitaji kupakua masasisho, ifanye seva kuwa mpitishaji:

1. Andika `net.ipv4.ip_forward=1` katika `/etc/sysctl.d/90-daraja.conf`, kisha `sysctl --system`.
2. Ongeza katika `/etc/nftables.conf`, ukiweka jina la kadi yako ya kweli mahali pa `eno1`:

```
table ip nat {
  chain postrouting {
    type nat hook postrouting priority 100;
    oifname "eno1" ip saddr 10.10.10.0/24 masquerade
  }
}
```

3. Isomeshe faili kwa `nft -f /etc/nftables.conf`, na uiwashe huduma yake kwa `systemctl enable nftables`. Ikiwa faili hiyo inaanza kwa `flush ruleset`, kuisomesha hufuta kwanza kanuni zote zilizopo, zikiwamo zilizowekwa na Docker.
4. Ndani ya kila mashine pepe, weka 10.10.10.1 kuwa lango la kutokea.

Ikiwa seva hiyo hiyo ina Docker, jua kwamba Docker huiweka faiawoli katika hali ya kukataa kila kinachopitishwa ila ilichokiruhusu yenyewe. Dalili yake ni mashine pepe kuifikia 10.10.10.1 vizuri lakini kushindwa kwenda mbele, na pengine hata kushindwa kusemezana zilizo katika daraja moja. Usilaumu daraja, nenda kwenye kanuni za faiawoli.

Makosa yanayojirudia

Kosa nililolikuta mara nyingi kuliko yote ni kulipa `br0` lango la kutokea, mtu akidhani kila kadi yahitaji lango. Seva ikawa na njia kuu mbili, moja ikielekea kwenye chumba kisicho na mlango, na intaneti ikapotea. Daraja tupu halina lango. Lenyewe ndilo lango la wengine.

Kosa la pili ni kuchagua 192.168.1.0/24 kwa kuwa imezoeleka, ilhali ruta ya ofisi nayo inatumia hiyo hiyo. La tatu ni kuandika kanuni kwa amri za muda tu, zikafanya kazi miezi mitatu, hadi siku ya kwanza umeme ulipokatika.

Orodha ya ukaguzi

☐ `ip -br addr show br0` yaonyesha 10.10.10.1/24 kabla ya mashine pepe yoyote kuwashwa
☐ `ip route` ina njia kuu moja tu, nayo haipiti `br0`
☐ Ukiwasha mashine pepe moja, `bridge link` yaonyesha tundu lake, kama `vnet0`, likiwa `forwarding`
☐ Ukiizima mashine hiyo, anwani ya `br0` haipotei
☐ `ip link show br0` yatoa anwani ile ile ya maunzi kabla na baada ya mashine pepe kuwashwa
☐ Seva yawaka bila kungoja dakika mbili

Kisanduku hicho cha mwisho hakitiwi alama kwa kukisia. Zima seva na uiwashe mchana, ungali umekaa mbele yake na kibodi i mkononi, wala usiiachie kazi hiyo umeme wa usiku.